Presha Imeshuka, na Maneno Mengine ya Wodini

Swali ninaloulizwa mara nyingi tangu nianze kutunga mashairi ni hili: mtu anayesomea udaktari ana shughuli gani na vina na mizani? Wengine huuliza kwa wema, wakidhani nimejipatia burudani ya kupumzisha akili. Wengine huuliza kama wanaomtazama mtu aliyeshika majembe mawili kwa wakati mmoja na hajui alime na lipi. Nikiwa na haraka hujibu kwamba lugha ndiyo iliyonipeleka kwenye tiba, kisha nashika njia yangu. Leo sina haraka.

Nimezaliwa na kukulia Songea, mjini, si mbali na Lizaboni. Asiyeufahamu mji wetu aujue walau kwa jina lake: umeitwa kwa jina la Songea Mbano, nduna wa Wangoni aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906 pamoja na mashujaa wengine wa Vita vya Majimaji. Tulipokuwa shule ya msingi tulipelekwa makumbusho ya Mahenge kila Februari, tukisimama juani kusikiliza historia ile ile. Nilichokishika mimi katika masimulizi yale hakikuwa bunduki wala mikuki. Kilikuwa neno dawa. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe aliwapa watu maji, akayaita dawa, na kwa neno hilo makabila ambayo hayakuwa na mfalme mmoja yakasimama pamoja mwaka 1905. Maji hayakuzuia risasi. Lakini mtoto wa miaka kumi aliyesikia kwamba neno moja liliweza kuwainua watu wa kusini yote hakuweza tena kulichukulia neno dawa kuwa jina tu la vidonge.

Kuna jambo jingine la historia hiyo ambalo mwanafunzi wa tiba kutoka kwetu hawezi kulikwepa. Ukoo wa nduna Songea unasema kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Ujerumani, na hadi leo unakidai. Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea, akaomba msamaha na kuahidi kusaidia kukitafuta. Mafuvu ya watu wetu yalichukuliwa zama zile kwa jina la sayansi, yakapimwa na wasomi wakiwamo madaktari. Nilipoingia kwa mara ya kwanza katika chumba cha anatomia na kukabidhiwa fuvu nilijifunze, nilitaka kwanza kujua lilikuwa la nani. Hakuna aliyeniuliza kwa nini nimelishika muda mrefu bila kuandika kitu.

Nimetaja lugha. Mwalimu wangu wa kwanza wa lugha alikuwa bibi yangu, mzaa mama, aliyekaa kijijini upande wa Peramiho. Alikuwa na vitendawili visivyokwisha, na desturi ya kutosema jambo lolote zito moja kwa moja. Mjukuu aliyelowesha kitanda aliambiwa ameota mvua. Baadaye, kidato cha tatu, mwalimu alipotufundisha tafsida nilijiona ninafundishwa jina la kitu nilichokila kila siku pamoja na ugali na dagaa wa Nyasa.

Bibi alikuwa na shinikizo la damu, au tuseme kama yeye alivyosema, alikuwa na presha. Alipewa vidonge katika kituo kimoja cha tiba, akavimeza kwa uaminifu miezi kadhaa. Siku moja aliporudi kupimwa, mhudumu alifunga kile kitambaa mkononi, akapuliza, akasoma, akamwambia kwa furaha: “Bibi, hongera, presha imeshuka.” Bibi akashukuru. Alipofika nyumbani alivifungia vidonge vilivyobaki katika kopo la kahawa na hakuvigusa tena.

Nimelirudia tukio hilo kichwani mara nyingi, na kila mara naona kwamba bibi alielewa Kiswahili sawasawa. Katika lugha aliyoijua, homa ya mtoto ikishuka, mtoto amepona. Mafuriko yakishuka, watu wanarudi mashambani. Kitu kibaya kikishuka, kimekwisha. Na dawa, kwa jinsi sisi sote tulivyofundishwa tangu enzi za kumeza klorokwini, ina mwisho wake: unameza dozi, unamaliza dozi, unapona. Hakuna aliyemwambia bibi kwamba kuna dawa ambayo haina kumaliza, na kwamba presha ilishuka kwa sababu vidonge viliishikilia chini, kama mtu anayekalia mfuniko wa sufuria. Aliambiwa maneno mawili ya kweli, nayo yakamdhuru.

Nilikuwa kidato cha tano, bwenini, habari iliponifikia kwamba ameanguka asubuhi karibu na mafiga. Kilikuwa kiharusi. Upande wa kulia haukusogea tena vizuri, na maneno yakamtoka. Nilipoenda likizo nikamwamkia, “Shikamoo bibi,” akaitikia, “Marahaba.” Nikafurahi, nikamuuliza amekula nini. “Marahaba.” Nikamuuliza anaumwa wapi. “Marahaba.” Neno hilo moja ndilo lililosalia katika kinywa kilichokuwa na maelfu. Aliweza kulitamka kwa hasira, kwa kuomba maji, kwa kukataa uji, na sisi tukajifunza kulisikiliza kwa sauti yake badala ya maana yake.

Miaka mingi baadaye, darasani, nilisoma kwamba mwaka 1861 huko Paris daktari aliyeitwa Paul Broca alimchunguza mgonjwa ambaye hakuweza kutamka chochote ila “tan.” Alipofariki, Broca aliufungua ubongo na kuonyesha mahali palipoharibika, upande wa kushoto, mbele. Wenzangu waliandika jina na mwaka kwa ajili ya mtihani. Mimi niliandika pembeni: marahaba.

Lakini kilichonishangaza zaidi kwa bibi ni Jumapili. Jirani walipokuja kusali naye na kuanzisha wimbo wa kanisani aliouimba tangu usichana, bibi aliimba nao. Aliimba maneno yote, ubeti baada ya ubeti, kwa matamshi yaliyonyooka. Wimbo ulipokwisha na mtu akamuuliza kama yu mzima, akajibu, “Marahaba.” Mama alisema ni muujiza. Madaktari wanalijua jambo hili, na hueleza kwamba maneno yaliyofungwa katika mahadhi hupita njia nyingine ubongoni, tofauti na ile ya maneno ya kawaida. Mimi sikujua chochote cha njia za ubongo wakati huo. Nilijua tu kwamba nimeona mizani ikimbeba mtu mahali ambapo sentensi ilikuwa imemtupa. Bibi aliishi miaka miwili zaidi. Nilianza kutunga katika miaka hiyo miwili, na katika miaka hiyo hiyo nikajaza fomu za kuomba kusomea udaktari.

Safari ya Songea hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 900. Basi huondoka kungali giza, likapita Njombe kwenye baridi, Makambako, Iringa, likateremka Kitonga huku abiria wakinyamaza, kisha Mikumi, Morogoro, na joto linaanza kukupokea kabla hujafika Chalinze. Mtu wa kwetu hufika Mbezi amebeba sweta ambalo hatalihitaji hadi likizo. Sitaeleza sana habari za jiji, kwa maana wengi wameshaeleza vizuri zaidi: mwendokasi unaojaa hadi mlango unakataa kufunga, Jangwani inayogeuka ziwa mvua ikizidi, fedha ya mkopo ambayo wanafunzi huiita bumu na ambayo huisha kabla ya jina lake kuacha kuvuma. Mwisho wa wiki hukimbilia kwa shangazi Mbagala, ambako watu wa kusini ni wengi na mtu anaweza kupata maharage yanayoiva kama ya nyumbani.

Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, ambako nasoma, kilianza kama shule ndogo ya tiba mwaka 1963, miaka miwili baada ya uhuru. Masomo ni kwa Kiingereza tangu siku ya kwanza. Mifupa 206 hukaririwa kwa majina ya Kilatini. Sina ugomvi na Kilatini, kilinisaidia kufaulu. Lakini usiku, nikiwa nimechoka, nilikuwa nikifungua kamusi ya Kiswahili na kutafuta kila mfupa jina lake la nyumbani. Mfupa wa mbele ya goti ni pia, ile ile pia ambayo watoto huichezesha kwa kamba. Mfupa unaounganisha bega na kifua ni mtulinga. Kile kinachofunika njia ya hewa mtu anapomeza kinaitwa kidakatonge, na sijui lugha nyingine iliyoipa kazi hiyo jina la wazi namna hii. Mtu aliyebuni neno kidakatonge alikuwa ameshapaliwa na ugali.

Mishipa kumi na miwili ya fahamu inayotoka ubongoni niliikariri kwa utenzi nilioutunga mwenyewe. Ubeti wa kwanza ulikuwa hivi:

Wa kwanza huja puani,
wa pili uko machoni,
wa tatu huwa mbonini,
jicho ukaligeuza.

Washairi mtacheka, na mna haki. Vina vya “-ni” ni vina vya mvivu, kila mahali palipo na mahali pana “-ni.” Ila mtihani niliupita.

Mwaka wa nne ndio tulioanza kukaa wodini siku nzima, na hapo ndipo nilipokutana tena na kopo la kahawa la bibi, likiwa na sura nyingi. Kila asubuhi madaktari na wanafunzi huzunguka vitanda. Mwanafunzi humweleza mgonjwa wake kwa Kiingereza, daktari huuliza kwa Kiingereza, wengine hujibu kwa Kiingereza, na mgonjwa amelala katikati akitazama nyuso zetu zamu kwa zamu ili ajue kama atapona. Nimeona mama mmoja akitabasamu kila tulipotabasamu. Simlaumu mtu, ndivyo tulivyofundishwa sote, darasa la saba kwa Kiswahili, kidato cha kwanza ghafla kwa lugha nyingine. Lakini mgonjwa hakuja kufanya mtihani wa kidato cha kwanza.

Ugumu wenyewe hauishi kwa kusema tu “tumieni Kiswahili.” Kiswahili cha mgonjwa na Kiswahili cha kitabu ni ndugu wasiokaa nyumba moja. Mgonjwa akisema anaumwa chembe ya moyo, anaonyesha pale chini ya mfupa wa kifua, juu ya tumbo, na mara nyingi shida ni vidonda vya tumbo. Anayetafsiri neno kwa neno atamkimbiza kwenye mashine ya kupima moyo. Akisema mtoto ana kifua, hakuna maana kwamba wengine hawana. Mshipa unaweza kuwa wa damu, wa fahamu, au ngiri. Mguu huanzia kwenye nyonga hadi kwenye vidole, hivyo “nimeumia mguu” ni mwanzo wa mazungumzo, si jibu. Na kwenye cheti cha maabara zikiandikwa herufi tatu za maambukizi ya njia ya mkojo, yaani U, T na I, nimemwona baba mzima akishika mgongo wake kwa hofu kwa kuwa amezisoma kama alivyofundishwa kusoma: uti.

Neno jingine linalonisumbua ni chanya. Tumelitoa kwenye hesabu, tukalipeleka maabara. Majibu chanya! Mwambie hivyo mama muuza samaki wa Feri, uone kama hatashukuru Mungu. Washauri nasaha wazuri hawalitumii. Husema umekutwa na maambukizi, au hukukutwa nayo. Hao ndio wanafasihi wa kweli wa hospitali zetu.

Upande mwingine, lugha yetu ina utajiri ambao kitabu cha Kiingereza hakinipi. Hesabuni wenyewe namna tunavyoumwa: kichwa kinagonga, tumbo linanyonga, kidonda kinawasha, jicho linachoma, koo linakereketa, mguu unakufa ganzi, mwili unanyong’onyea, jipu linapwita. Daktari mwenye sikio anaweza kufika karibu na ugonjwa kwa kitenzi peke yake, kabla hajamgusa mtu. Tumbo linalonyonga ni la bomba linalojikaza. Tumbo linalochoma ni jambo lingine. Na tazameni kitenzi kuuguza. Kwa umbo lake kingepaswa kumaanisha kumfanya mtu augue, maana kimetoka kwenye kuugua. Lakini Waswahili wameamua kwamba kuuguza ni kukaa na mgonjwa, kumlisha, kumgeuza, kukesha naye. Muuguzi wetu amepewa jina kutokana na kukesha huko.

Kuna neno kichomi. Kwa mgonjwa ni maumivu ya kuchoma mbavuni anapovuta pumzi, na ni jina la zamani la nimonia. Kwa msomaji wa mashairi ni diwani ya Euphrase Kezilahabi ya mwaka 1974, iliyowagawa watu kwa sababu ya mashairi yake yasiyofuata vina. Nilikuwa nimeisoma kabla ya kumwona mgonjwa wa kwanza wa kichomi, kijana mwenzangu aliyekuwa akihema nusu nusu, akiogopa pumzi yake mwenyewe. Tangu siku hiyo ubishi wa vina na guni nausikiliza kwa sikio moja. Sitaingia humo leo.

Maneno mapya nayo yanatoka, na mengine ni mazuri. Ugonjwa wa damu ambao seli zake hujikunja umeitwa selimundu, seli na mundu, na mkulima wa Namtumbo akilisikia mara moja anaona umbo. Nchi yetu ni miongoni mwa zile ambako watoto wengi huzaliwa na ugonjwa huo, kwa hiyo si neno la anasa. Wagonjwa wa kwanza wa ukimwi nchini walipotambuliwa Kagera mwaka 1983, watu waliuita Juliana, kwa jina la nguo iliyokuwa ikipendwa wakati huo. Neno ukimwi, lililokusanywa kutoka upungufu wa kinga mwilini, lilikuja baadaye na likakaa hata tukasahau kwamba ni kifupisho. Degedege lenyewe ni onyo: wengi wa pwani hulihusisha na dege, ndege mkubwa wa kishetani, ndiyo maana baadhi ya wazazi humpeleka mtoto kwa mganga kwanza na hospitali baadaye, malaria ikiwa imeshapanda kichwani. Jina la ugonjwa laweza kuchagua njia ambayo mama ataishika usiku akiwa na mtoto mgongoni.

Mganga, nimesema. Serikali yetu ina Mganga Mkuu, mikoa na wilaya vilevile, na kila zahanati ina mganga mfawidhi. Neno ni lile lile alilostahili Kinjikitile. Baadhi ya wenzangu hulionea haya, wanapenda kuitwa daktari. Mimi nalipenda, kwa sababu linanikumbusha kwamba kazi hii ilikuwapo kabla ya jina la Kizungu, na ilifanywa kwa maneno pamoja na mizizi.

Sasa nina daftari. Kila neno la mgonjwa ambalo sikulijua naliandika, na mkoa alikotoka. Na kuna ukurasa mmoja uliotengwa kwa ajili ya bibi, ambao nimeandika na kufuta mara nyingi: namna ya kumwambia mtu kwamba dawa ya presha haina mwisho. “Utazimeza maisha yako yote” humtisha. Wengine husikia hukumu. “Usiache dawa” ni amri isiyo na sababu. “Presha imetulia kwa sababu ya dawa” ni afadhali, na “imeshuka” silisemi, kwa kuwa kuna wanaoamini presha ya kushuka ni ugonjwa wa pili, wakaondoka na hofu mpya.

Mwezi uliopita nilikuwa nikimweleza mama mmoja wa Masasi, mtu mzima mwenye macho ya utani. Nikamweleza habari ya sufuria na mfuniko. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, “Kumbe mwanangu, hii si dawa, ni chumvi. Chungu cha jana nilitia, cha leo natia, cha kesho nitatia.” Nikamwambia, “Hapo umepatia, mama, ila chumvi yenyewe tuipunguze.” Alicheka mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akauliza kuna nini.

Nimeliandika katika ukurasa wa bibi: chumvi, Masasi. Chini yake nimeacha mistari mitupu, kwa sababu mfano wa kumshauri mtu mwenye presha akumbuke chumvi kila siku una hatari yake, na wiki ijayo nahamia wodi ya watoto.